Misuli Imejaa, Mbegu Hakuna

Mazungumzo yangu ya leo ni ya vijana wa kiume wanaopiga chuma, wale wanaoingia jimu alfajiri kabla ya kazi au jioni wakitoka kibaruani. Lakini nawaomba wake zao, wachumba zao na mama zao wasiondoke kwenye redio, maana jambo hili likishaingia nyumbani, lawama yake huwaangukia wao.

Naanza na jaribio moja la kitabibu. Katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitafuta njia ya uzazi wa mpango ambayo mwanamume angeitumia yeye mwenyewe, ili mzigo wote usimwelemee mke. Wakapatikana wanaume 271, wazima wa afya, wenye mbegu za kutosha, katika vituo 10 vya nchi 7. Kila wiki kila mmoja wao alidungwa sindano ya testosteroni enanthati, miligramu 200. Wale ambao manii yao yalipopimwa hayakuonekana kuwa na mbegu hata moja, wanaume 157, waliingia hatua ya pili ya miezi 12, ambamo wao na wake zao walitegemea sindano hiyo peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Lancet. Katika hatua hiyo ya pili ilipatikana mimba moja tu.

Naomba tutulie hapo kidogo. Testosteroni enanthati ni miongoni mwa dawa zinazopendwa sana na watunisha misuli duniani. Yaani dawa ambayo kijana anajidunga ili aongeze uanaume ndiyo dawa ambayo wanasayansi waliichagua ili mwanamume asizalishe. Na hawakuichagua kwa kubahatisha. Walijua tangu mwanzo kwamba testosteroni ya kudungwa husimamisha mbegu. Walichotaka kupima ni kama inasimamisha kwa uhakika kiasi cha mtu kuitegemea. Na kiasi walichotumia, zile miligramu 200 kwa wiki, watunisha misuli wengi hukiona kidogo. Wao hudunga mara mbili yake, mara tatu, na wengine huchanganya na vidonge juu yake.

Sasa tuingie mwilini tuone mambo haya yanatokeaje.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi, sehemu hiyo hutoa kiasi kidogo sana cha homoni iitwayo GnRH, inayosafiri hatua fupi mpaka tezi ya pituitari iliyoning'inia chini yake. Pituitari ikishaipata, nayo hutoa homoni mbili kwenye damu, LH na FSH, na hizi ndizo zinazoshuka mpaka kwenye korodani. LH huziamsha seli za Leydig zitengeneze testosteroni. FSH huzihudumia seli za Sertoli, ambazo huzilea mbegu changa mpaka zikomae. Waliotufumbulia mwanzo wa safari hiyo ni Roger Guillemin na Andrew Schally. Walifanya kazi miaka mingi wakishindana, mmoja kwa vipande vya ubongo wa kondoo, mwingine wa nguruwe, maelfu kwa maelfu, ili kupata chembe ya homoni wanayoweza kuichunguza. Mwaka 1977 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mfumo huu hujipima wenyewe. Wenye tangi la maji nyumbani, lile lenye boya ndani yake, watanielewa upesi. Maji yakipungua, boya hushuka na bomba hufunguka. Yakijaa, boya hupanda na bomba hufunga. Boya haliulizi maji yametoka wapi. Ukipanda na ndoo ukalijaza tangi kwa maji ya kununua, boya litapanda vile vile na bomba litafunga vile vile. Testosteroni ya sindano ni maji ya ndoo. Ubongo unaona damu imejaa, nao unaacha kutoa GnRH. Pituitari ikikosa GnRH inaacha kutoa LH na FSH. Na korodani, zisipoambiwa kitu, zinaacha kazi.

Ubongo unajuaje kwamba damu imejaa? Hapo ndipo penye vipokezi, na ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kipokezi cha homoni za kiume ni protini iliyomo ndani ya seli. Testosteroni ni ya jamii ya mafuta, kwa hiyo hupenya ukuta wa seli bila kubisha hodi, ikaikuta protini hiyo na kujipachika katika kijishimo chake. Ikishashikwa, protini hubadilika umbo, hujinasua kutoka kwa protini nyingine zilizokuwa zikiizuia, huingia kwenye kiini cha seli, na mbili mbili hushika DNA mahali maalumu. Jeni fulani huamshwa, nyingine hunyamazishwa. Katika seli za msuli huamshwa zile za kujenga protini, na mkono unanenepa. Katika seli za ubongo zinazoongoza utoaji wa GnRH, matokeo yake ni kuipunguza.

Kipokezi ni kile kile. Dawa ikishaingia damuni huenda kote, na hakuna namna ya kukiambia kipokezi cha msulini kifanye kazi huku cha ubongoni kikilala. Siku hizi kuna dawa za aina nyingine zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi kwamba zinachagua msuli peke yake. Nazo zilipopimwa kwa watu zilionekana kushusha testosteroni ya mwili. Kijana akikwambia ya kwake ni ile mpya isiyo na madhara, usimwamini aliyemuuzia.

Tunajua kipokezi kina uzito gani kutokana na watu waliozaliwa na jeni ya kipokezi hicho isiyofanya kazi kabisa. Wana kromosomu za XY, wana korodani zilizobaki ndani ya mwili, na damu yao ina testosteroni ya kiwango cha mwanamume au zaidi. Lakini maumbile yao ya nje ni ya kike, wamelelewa kama mabinti, na mara nyingi hali hiyo hugunduliwa pale umri wa hedhi unapofika na hedhi isionekane. Homoni wanayo tele, ila hakuna cha kuipokea. Na jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X, ambayo sote tunapewa na mama zetu, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo mwanamke naye ana vipokezi vya homoni za kiume mwilini mwake. Nitarudi kwake.

Nimefika mahali ambapo vijana wengi hupotea. Kijana atauliza: kama mbegu zinahitaji testosteroni ili ziumbwe, na mimi nimeijaza damuni, zitapungukiwa na nini? Swali ni zuri na linastahili jibu. Mbegu hazitegemei kiwango cha testosteroni kilichomo kwenye damu ya mkononi, ile anayotoa maabara. Zinategemea kiwango kilichomo ndani ya korodani zenyewe, na hicho ni kikubwa mara makumi kuliko cha damuni, kwa sababu seli za Leydig zinazoitengeneza ziko jirani kabisa na mirija ambamo mbegu zinaumbwa. LH ikikatika, seli za Leydig husimama, na kiwango cha ndani ya korodani huporomoka hata kama damu inafurika. Sindano ya begani au ya tako haiwezi kukifidia. Wakati huo huo FSH nayo imekatika, na seli za Sertoli zimekosa wa kuziamsha. Mwenye mwili huo akipimwa damu, testosteroni itasoma juu sana, LH na FSH zitakaribia sifuri, na kwenye manii mbegu zitakuwa chache mno au hazipo.

Na kinachotisha ni kwamba yeye hatajua. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kuumbwa, kwa hiyo wiki za kwanza hazionyeshi kitu. Hamu ya tendo la ndoa ipo, pengine imezidi. Manii yanatoka kama kawaida, maana sehemu kubwa ya maji yake hutengenezwa na tezi dume na vifuko vya manii, wala si korodani. Pengine ataona korodani zimesinyaa, kwa kuwa ukubwa wake mwingi ni ile mirija ya kuzalisha mbegu. Lakini ni nani anayejichunguza huko wakati kioo cha jimu kinamwonyesha kifua kinapanuka kila mwezi?

Dawa hizi zilianzaje? Mwaka 1935, watafiti wa Amsterdam walifanikiwa kuitoa testosteroni kwenye korodani za mafahali. Mwaka huo huo, Adolf Butenandt nchini Ujerumani na Leopold Ruzicka nchini Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, waliitengeneza kutokana na kolesteroli. Walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939, ingawa serikali ya Wanazi ilimlazimisha Butenandt kuikataa. Tatizo la homoni hiyo halikukawia kuonekana: ukiimeza, ini huivunja kabla haijafika mbali. Wataalamu wakabuni njia za kuizunguka. Moja ilikuwa kuiunga na asidi ya mafuta na kuichanganya na mafuta ya sindano, ivuje polepole kutoka msulini. Ndizo hizo enanthati na jamaa zake. Nyingine ilikuwa kuongeza kipande kidogo cha kaboni mahali fulani kwenye umbo lake, penye namba 17, ili ini lishindwe kuivunja. Hapo vikapatikana vidonge kama metandienoni, na stanozololi iliyompokonya Ben Johnson medali yake ya mita 100 mjini Seoul mwaka 1988. Lakini dawa ambayo ini haliiwezi hulichosha ini lenyewe, na wapo waliopata manjano na uvimbe wa ini kwa vidonge hivyo.

Kisha kuna badiliko la tatu, na hili linanivutia kuliko yote. Ukiondoa kaboni namba 19 kwenye testosteroni unapata nandroloni, dawa nyingine ya watunisha misuli. Ondoa kaboni hiyo hiyo, kisha ongeza kipande kingine kwenye namba 17, unapata noretisteroni, iliyotengenezwa mjini Mexico City mwaka 1951 na kijana Luis Miramontes, katika maabara aliyofanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz. Umbo limebadilika kidogo tu, lakini sasa dawa imepunguza kupenda kipokezi cha testosteroni na inashika vizuri zaidi kipokezi cha projesteroni, homoni ya kike inayotunza mimba. Noretisteroni ikawa dawa ya uzazi wa mpango. Levonogestreli, iliyomo katika vile vijiti viwili vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono kwa miaka 5, ni ya ukoo huo huo.

Kwa hiyo dada aliyewekewa kijiti kwenye kituo cha afya na kijana anayejidunga nandroloni kwenye choo cha jimu wametumia dawa za ukoo mmoja. Zote mbili hufika kwenye haipothalamasi na pituitari. Kwa dada, LH mara nyingi hukosa kupanda ghafla katikati ya mwezi, na bila hilo yai haliachiliwi; juu yake, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito na mbegu hazipiti. Na kwa kuwa levonogestreli bado inashika kiasi fulani kipokezi cha homoni za kiume, wapo wanaotoka chunusi. Nandroloni nayo hushika kipokezi cha projesteroni, na hiyo ni njia ya pili ya kuubana ubongo, juu ya ile ya kwanza.

Lakini tazama tofauti. Mama anayekwenda kliniki kuchomwa sindano ya miezi mitatu hupewa miligramu 150 za medroksiprojesteroni, si zaidi. Kiasi hicho kimejaribiwa kwa wanawake wengi. Muuguzi anapaswa kumweleza kwamba hedhi inaweza kuvurugika au kusimama, na kwamba akiacha, uzazi hurudi lakini kwa kuchelewa, kwa wastani miezi 9 hadi 10 tangu sindano ya mwisho. Kadi yake ina tarehe ya kurudi. Kijana wa jimu hana kadi. Kichupa chake kimetoka kwa rafiki wa rafiki, maandishi yaliyobandikwa juu hayana uhakika, kiasi ameambiwa na mtu mwenye mikono minene kuliko yake, na hakuna aliyemwambia kwamba ameingia kwenye uzazi wa mpango. Hilo linaniuma.

Nilisema nitarudi kwa mwanamke na homoni za kiume. Ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka Ujerumani Mashariki. Kuanzia mwaka 1974 serikali ya huko iliendesha mpango wa siri, uliojulikana kwa namba 14.25, wa kuwapa wanamichezo wake dawa. Dawa kuu ilikuwa Oral-Turinabol, kidonge kidogo cha rangi ya buluu kilichotengenezwa na kiwanda cha Jenapharm, testosteroni iliyobadilishwa ili iweze kumezwa. Inakadiriwa kwamba wanamichezo wapatao 10,000 walipewa dawa, na wengi wao walikuwa wasichana wadogo walioambiwa kwamba ni vitamini. Mwili wa msichana una vipokezi vya homoni za kiume, ila umezoea kiasi kidogo mno cha homoni zenyewe. Ukimmiminia, vipokezi vyote vinaitika. Sauti ikazama, nywele zikaota usoni na kifuani, kisimi kikakua, hedhi ikasimama kwa sababu ile ile ya LH na FSH. Hedhi huweza kurudi dawa ikikoma. Sauti hairudi, kwa kuwa mishipa ya sauti imeshanenepa.

Serikali hiyo ilipoanguka, mwanasayansi Werner Franke na mkewe Brigitte Berendonk, aliyewahi kuwa mrusha kisahani, walizipata hati za siri za madaktari, na mwaka 1991 Berendonk akazitoa katika kitabu. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na daktari Manfred Höppner, ingawa vifungo vyao viliahirishwa. Mmoja wa walioathirika amejulikana dunia nzima kwa hiari yake: Andreas Krieger, ambaye kwa jina la Heidi alishinda dhahabu ya Ulaya ya kutupa tufe mwaka 1986, akiwa amelishwa vidonge hivyo tangu ujana wake. Mwaka 1997 alibadili jinsia. Amekuwa akisema hadharani kwamba kinachomchoma ni kunyang'anywa nafasi ya kujiamulia mwenyewe.

Nimelitaja hilo kwa sababu dada zetu nao sasa wanaingia jimu kwa wingi, na ninafurahi kuwaona. Lakini akija mtu na kidonge cha kupunguza mafuta na kukaza mwili, dada, uliza jina lake na ulipeleke kwa mfamasia kabla hujaweka kitu mdomoni.

Narudi kwa wanaume, maana bado kuna jambo la matiti. Mwili una kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza testosteroni kuwa estradioli, homoni ya kike. Ukijaza testosteroni kupita kiasi, estradioli nayo hupanda, hushika vipokezi vyake kifuani, na mwanamume huota tishu ya matiti, iliyo ngumu na yenye maumivu chini ya chuchu. Ikikomaa haiondoki mpaka upasuaji. Estradioli hiyo hiyo ina vipokezi vyake kwenye ubongo na pituitari, na huongeza nguvu ya kuzima LH.

Halafu inakuja siku ya kuacha. Pesa zimekwisha, au ameogopa, au mke ameuliza. Dawa inatoka damuni kwa wiki chache, na sasa hana ya dukani wala ya kwake. Ubongo uliolala miezi mingi hauamki siku moja. Anachoka, analala hovyo, misuli inapungua, hamu inatoweka, na wengine huingia katika huzuni nzito kabisa. Hapo ndipo wengi wanaporudi kwenye sindano, kwa kuwa sindano moja inawarudishia uhai ndani ya siku chache. Anayemwona kijana wake amebadilika hivyo asimkemee kwamba amekuwa mvivu. Ana upungufu wa homoni unaopimika maabara, na anahitaji daktari.

Nisitishe kidogo ili nisije nikawadhuru wengine. Kama una pumu, au ugonjwa wa viungo, na daktari amekuandikia prednisoloni au deksamethasoni, hizo nazo ni steroidi, lakini hufanya kazi zaidi kwa kipokezi kingine kabisa, cha homoni ya kotisoli. Hazijengi misuli na si hizi ninazozilaumu leo. Tena ukizitumia kwa muda mrefu kisha ukaziacha ghafla unaweza kuhatarisha maisha yako. Endelea nazo kama ulivyoelekezwa, na ukiwa na wasiwasi muulize aliyekuandikia.

Sasa nizungumze na familia. Mnajua ndoa zetu zinavyokwenda. Mwaka unapita, wa pili unapita, hakuna mtoto. Mawifi wanaanza kuuliza kwa mafumbo, mama mkwe anaanza kwenda mbali zaidi. Bibi arusi anapelekwa kwa huyu na yule, ananyweshwa mizizi, anachanjwa, anaombewa, anapigwa picha ya kizazi, anasafishwa mirija ambayo haikuwa na tatizo. Mume anakaa sebuleni. Nani atamshuku? Mabega yale, kifua kile, na mwenyewe anasema chumbani hana shida. Mwili wake wenyewe umekuwa shahidi wa uongo dhidi ya mke wake. Katika ndoa zinazokosa mtoto, karibu nusu sababu hupatikana kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha manii ni rahisi, hakina kisu wala sindano, na ni dhuluma kumpitisha mwanamke katika uchunguzi wa kuumiza kabla mume hajatoa sampuli moja.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa hata na wenye makoti meupe. Mwanamume mwenye mbegu chache analalamika kwamba hana nguvu, anaandikiwa testosteroni. Miongozo ya madaktari wa uzazi wa wanaume inakataza jambo hilo waziwazi: mwanamume anayetaka mtoto sasa au siku za karibuni asipewe testosteroni. Mbegu chache alizokuwa nazo zitakwisha kabisa. Bwana, ukiandikiwa, uliza: hii itanisaidia kupata mtoto au itanizuia? Una haki ya kuuliza.

Je, kilichozimika huwaka tena? Kwa wengi, ndiyo. Uchambuzi wa majaribio mengi ya uzazi wa mpango wa wanaume, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba baada ya kuacha, wanaume walichukua kama miezi mitatu na nusu, ukikata katikati, kurudi kwenye mbegu milioni 20 kwa mililita. Miezi 12 ilipofika, asilimia 90 walikuwa wamerudi, na kufikia miezi 24 walirudi wote. Lakini hao walikuwa wanaume waliochaguliwa wakiwa wazima, waliopewa kiasi kilichopimwa, kwa muda uliojulikana. Aliyedunga mara tatu yake kwa miaka mitano, akichanganya dawa nne, asijihesabu moja kwa moja kwenye takwimu hiyo. Anaweza kuchelewa zaidi, na wapo ambao hawafiki walipokuwa.

Daktari bingwa ana njia za kusaidia. Kuna homoni iitwayo hCG, ile ile inayotolewa na mimba changa na ambayo kipimo cha mimba cha mkojo huitafuta. Homoni hiyo inashika kipokezi cha LH, na mwanamume akidungwa, seli zake za Leydig huamka kana kwamba pituitari imeziita. Sindano za FSH nazo zipo. Kuna pia klomifeni, ambayo wanawake wengi wanaifahamu kama dawa ya kukomaza mayai. Kwa mwanamume huzuia estradioli isishike vipokezi vyake ubongoni, ubongo ukaona homoni zimepungua, ukaanza tena kutoa GnRH. Usizinunue mwenyewe. Kuchagua ipi, lini na kwa muda gani kunategemea vipimo vya LH, FSH na testosteroni vilivyochukuliwa asubuhi.

Na ukienda, nenda na ukweli wako wote. Kabla ya kipimo cha manii, kaa bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7, na chombo kipate sampuli yote, maana sehemu ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Matokeo yakiwa mabaya, rudia baada ya wiki kadhaa; kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Chukua vichupa na maboksi ya dawa ulizotumia, hata yaliyokwisha. Mwambie daktari majina yake, kiasi, ulianza lini. Hatakupeleka polisi. Mkeo awe amekaa kando yako, asikie. Na zaidi ya yote, kumbuka tarehe ya sindano ya mwisho, kwa sababu daktari ataianza hesabu yake ya miezi kutoka siku hiyo.